"Nilijiona naenda taratibu": kisa cha kona moja kati ya Isongole na Kiwira

Mpwa wangu alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha hospitali, mkono wa kushoto umefungwa kifuani kwa kitambaa, mfupa wa mtulinga umevunjika. Nilidhani ataanza kuulizia pikipiki, maana ndiyo inayomlisha, au ataulizia gunia la mchele tulilokuwa tunalipeleka msibani. Aliniuliza kitu kingine: "Mjomba, mbona nilijiona naenda taratibu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia apumzike. Lakini swali hilo lilinikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu nilikuwa nyuma yake siku ile, niliona kila kitu, na ninajua kwamba hakuwa anaenda taratibu. Alikuwa ananiacha. Ina maana mtu anaweza kuingia kwenye kona kwa mwendo unaoweza kumuua huku moyo wake umetulia tuli. Nimeandika kisa hiki chote kwa ajili ya jambo hilo moja.

Nianze na safari yenyewe. Tulikuwa tunatoka Mbeya kwenda Tukuyu kumzika shemeji yetu, pikipiki mbili. Mimi nilimpakia mke wangu. Mpwa wangu alifunga kwenye keria gunia la kilo 50 la mchele wa Mbarali, akalikaza kwa mipira ya tyubu kama wanavyofanya vijana wote wa kijiweni Mwanjelwa. Ana miaka 24, na amekula mkate wa bodaboda tangu amalize kidato cha nne. Mjini ni hodari kweli. Anajua kupenya foleni ya Kabwe, anajua kukwepa daladala inayosimama ghafla. Ila barabara za kazi yake ni fupi na mwendo wake ni wa kusimama na kuondoka. Kona ndefu ya mlimani, yenye mteremko, haimo kwenye kazi yake ya kila siku. Hilo nilipaswa kulifikiria kabla ya kumwambia, "Tangulia wewe kijana, sisi tunakufuata." Mkubwa nilikuwa mimi, na mwendo wa msafara ulipaswa kuwekwa na mimi.

Tulikuwa tumechelewa. Mazishi yalipangwa saa nane mchana, na hadi gunia linafungwa ilikuwa saa tano na dakika. Mwezi wa nne, masika. Tukakata kulia pale Uyole, tukapita Igawilo, tukaanza kupanda. Anayeijua njia hii anajua jinsi hewa inavyobadilika: mjini jua, huku juu ukungu unakutana na wewe usoni kama kitambaa kibichi, na mashamba ya viazi yanaonekana nusu nusu. Isongole tulikuta manyunyu. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kufa ganzi kwenye usukani. Kutoka hapo barabara inaanza kushuka kuelekea Kiwira, na hapo ndipo niliposikia pikipiki ya mbele yangu imenyamaza.

Aliweka fri.

Wasomaji wanaoendesha wanaelewa. Ukifika mteremkoni unaminya klachi, unatoa gia, injini inabaki inanguruma chini chini peke yake, na pikipiki inashuka kwa uzito wake. Kijiweni wanakuambia unaokoa mafuta. Ni kweli unaokoa, lakini ni kidogo sana, na sijawahi kumuona bodaboda aliyejenga nyumba kwa mafuta ya mteremkoni.

Mimi nilikuwa gia ya tatu, nimeachia mafuta, mshale wa spidi unacheza kwenye 45. Nilimuona anakwenda mbele yangu, pengo linaongezeka, mwili wake umelegea vizuri kabisa juu ya kiti. Nakisia alikuwa 55, labda zaidi kidogo. Mbele yake ilikuwapo kona ya kushoto, upande wa ndani kuna ukuta wa udongo uliokatwa mlima ulipochongwa, upande wa nje bonde na kingo za chuma. Akaingia.

Kilichofuata kilichukua sekunde tatu, pengine nne. Lori lilitokea likipanda, limebeba, linajikokota. Mpwa wangu alikakamaa mikono. Nikaona pikipiki, iliyokuwa imelala kidogo kushoto, inanyooka wima, na pikipiki iliyonyooka haina njia nyingine ila kwenda mbele. Ikavuka mstari wa katikati. Akakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu, tairi likakwama, mkia ukachomoka, akaanguka upande wa kushoto na kuteleza juu ya lami iliyolowa. Dereva wa lori alikuwa ameshasimama. Lori lenye mzigo likipanda halina mwendo, na hilo ndilo lililomuokoa. Kijana alisimama kuteleza hatua chache kutoka kwenye bampa. Gunia lilipasuka na mchele ukamwagika barabara nzima, mweupe juu ya lami nyeusi, picha ambayo mke wangu bado inamwamsha usiku.

Pale hospitali nilimuuliza lori lilikuwa la rangi gani. Hakujua. Lilikuwa na tela au halina? Hakujua. Alikumbuka bampa tu.

Nililichukua hilo kuwa uzi wa kwanza wa kuvuta. Macho yake yaliganda kwenye kitu anachokiogopa, na pikipiki huenda macho yanapokwenda. Wala si uchawi: ukitazama kitu kwa hofu, mabega yanageukia kule, mikono inakakamaa, na usukani ulioshikwa kwa mikono migumu haugeuki. Angeweza kutazama nyuma ya lori, kule barabara inakotokea, na kuusukuma mshikio wa kushoto wa usukani mbele. Nasema kuusukuma wa kushoto kwa makusudi. Wengi tunaamini kona ya kushoto inakatwa kwa kuvuta usukani kushoto, lakini pikipiki ikishakuwa na mwendo, ni kubonyeza mshikio wa upande unaotaka kwenda ndiko kunakoilaza upande huo. Kila anayeendesha anafanya hivyo bila kujua. Tatizo ni kwamba usichokijua huwezi kukiongeza pale unapokihitaji zaidi.

Lakini hata hivyo, nilijiuliza, kama angetazama vizuri na kubonyeza vizuri, angepita? Hapo nikaona maneno hayatoshi, inabidi kupima.

Mimi ni fundi ujenzi. Nikitaka kujenga tao juu ya mlango, nanyoosha kamba kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, napima tao linapanda kiasi gani katikati ya kamba, na kutoka hapo napata duara lote. Kona ya barabara ni tao lililolala. Wiki mbili baada ya ajali nilirudi na mke wangu, Jumapili asubuhi, tukaacha pikipiki mbali na kona na kuweka matawi barabarani pande zote mbili kuwatahadharisha madereva. Nikanyoosha kamba ya mita 20 kando ya mstari mweupe wa ndani. Katikati ya kamba, mstari ulikuwa umechomoka mita 1 na sentimita 25. Hesabu ya fundi ni hii: nusu ya kamba mara yenyewe ni 100, ongeza 1.25 mara yenyewe, gawanya kwa 2.5, yaani 1.25 mara mbili. Unapata mita 40 na kitu. Yaani kona ile ni kipande cha duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 40.

Binti yangu anasoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, kidato cha sita. Nilimpa ile 40, akanipigia hesabu ya pikipiki inavyopaswa kulala ili isitoke kwenye duara hilo. Kwa kilomita 40 kwa saa, inalala nyuzi 17 au 18 kutoka wima. Kwa 50, nyuzi 26. Kwa 55, nyuzi 31. Kwa 60, nyuzi 35. Tazameni jinsi namba zinavyokimbia. Kutoka 40 hadi 60 mwendo umeongezeka nusu tu, lakini mlalo umekuwa mara mbili, na nguvu inayolivuta tairi kwa ubavu imekuwa zaidi ya mara mbili, kwa sababu mwendo unaingia kwenye hesabu ukizidishwa kwa wenyewe.

Kwenye 55 tairi linadaiwa mshiko wa kama 0.6 ya uzito linaoubeba. Lami kavu na tairi lenye meno linaubeba mzigo huo. Lami iliyonyunyiziwa, yenye tope la mashamba lililoburutwa na matairi ya matrekta, yenye matone ya dizeli ambayo malori huyamwaga hasa kwenye kona, siwezi kuiamini kwa kiasi hicho, na kama unatumia hata sehemu ndogo ya mshiko huo kushika breki, hakibaki kitu. Gunia, kwa taarifa ya wanaouliza, halimo kwenye hesabu ya mlalo: mzito na mwepesi wanalala sawa kwa mwendo ule ule. Gunia linaingia kwa mlango mwingine. Kilo 50 zilizokaa nyuma ya tairi la nyuma zinainua pua ya pikipiki, usukani unakuwa mwepesi na wa kubahatisha, na breki inahitaji umbali mrefu zaidi.

Basi jibu ni kwamba labda angepita kwenye lami kavu. Siku ile nafasi yake ilikuwa nyembamba mno, na aliipoteza sekunde kadhaa kabla ya lori kuonekana.

Kipimo cha pili ndicho kilichonibadilisha mimi mwenyewe, ambaye nimeendesha miaka 19. Niliinama kwenye njia ya tairi, macho yakiwa urefu wa macho ya mtu aliyekaa kwenye pikipiki, pale kona inapoanza kukolea. Mke wangu, amejifunga kitenge cha njano, alitembea pembezoni akifuata kona mpaka akapotea nyuma ya ule ukuta wa udongo. Tukapima. Mita 31. Hicho ndicho kipande chote cha dunia alichokuwa anakiona mpwa wangu.

Sasa linganisheni. Mtu anayekwenda 40 anatumia mita 11 katika sekunde moja ya kushtuka kabla mkono haujafika kwenye breki, halafu kama mita 15 au 16 za kusimama kwa breki ya wastani. Jumla 27. Anasimama ndani ya anachokiona. Mtu anayekwenda 55 anatumia mita 15 kushtuka na karibu 30 kusimama. Jumla 45, na anaona 31. Hata kama pikipiki yake ingekuwa na matairi ya dhahabu, alikuwa anaendesha mita 14 ndani ya mahali asipopaona. Lingeweza kuwa lori, lakini pia ng'ombe, au mama na ndoo ya viazi kichwani.

Mwendo wa kona ile, kwa hiyo, haukuwekwa na tairi. Uliwekwa na ukuta wa udongo. Tairi kwenye lami kavu lingekubali 55. Jicho lilisema 40, na wa kusikilizwa alikuwa jicho. Vijana wanabishana kijiweni nani analaza pikipiki zaidi, na mimi zamani nilibishana nao. Siku hizi nikikaribia kona natazama ule mpaka wa kuona kwangu: ukinisogelea, kona inakaza, napunguza, ukianza kukimbia mbele, kona inafunguka, naongeza mafuta taratibu. Kwenye kona ya kushoto ukijisogeza kulia ndani ya upande wako unaona mbali zaidi, lakini usijibandike kwenye mstari wa katikati, kwa sababu lori la tela linalokuja hapo linakata kona ya kulia, na matairi ya nyuma ya tela hayafuati ya mbele, yanakata ndani, yanakuja kwako. Na kwenye kona ya kulia kumbuka kwamba matairi yako yanaweza kuwa upande wako huku kichwa chako, kwa sababu umelala, kiko upande wa lori.

Hapo bado sijamjibu kijana. Kwa nini alijiona anaenda taratibu?

Jibu nililipata gereji, tulipopeleka pikipiki. Fundi aligusa dashibodi akasema, "Waya wa spidi huu umekatika siku nyingi." Nilimuuliza mpwa wangu. Akasema ndiyo, tangu mwaka jana, mbona wote pale kijiweni ziko hivyo. Basi unajuaje mwendo wako? Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Nasikia, mjomba. Injini inaniambia."

Hapo nikaelewa. Kwa mwaka mzima sikio lake ndilo lilikuwa mshale wa spidi. Injini ikipiga kelele ni mbio, ikinong'ona ni polepole, na mjini kipimo hicho kinafanya kazi vizuri kwa sababu muda wote yuko kwenye gia. Alipoweka fri pale juu, injini ilinyamaza. Sikio likamwambia amekaribia kusimama. Kofia ngumu ikazuia upepo, ukungu ukafuta miti ya pembeni ambayo ingemuonyesha jinsi inavyopita upesi. Na mteremko ukaendelea kufanya kazi yake: kwenye mteremko unaoshuka mita 6 kwa kila mita 100, kitu kisichozuiwa kinaongeza karibu kilomita 2 kwa saa kila sekunde, ingawa upepo unapunguza sehemu ya ongezeko hilo, na zaidi kadiri mwendo unavyokua. Hesabu mwenyewe sekunde kumi za ukimya.

Tena fri ilimnyima vitu viwili alivyovihitaji kuliko vyote. Kwanza, injini iliyo kwenye gia inazuia pikipiki muda wote, bila kukwamisha tairi, wakati breki zinapumzika. Pili, hakuwa na mafuta ya kuongeza. Pikipiki inayopita kona na mafuta kidogo, kiasi cha kutosha tu kuituliza, inakaa sawa kwenye njia yake. Yake ilikuwa inaning'inia. Na asingeweza kurudisha gia pale, maana ukitoka fri unaangukia gia za chini, na ukiachia klachi kwenye namba moja ukiwa 55 tairi la nyuma linaweza kukwama lenyewe.

Nilipomweleza alikaa kimya. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa sina sikio wala jicho." Akaongeza jambo ambalo sikulitegemea: kwamba pia aliona sisi tuko nyuma, na akadhani tukimkaribia tutamwona mwoga. Mimi nilikuwa nahangaika nisiachwe, yeye anahangaika asifikiwe. Tulikuwa tunaswagana barabara nzima, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaendesha mwendo wake.

Mkono ulipopona, tulifunga waya mpya wa spidi kwanza. Halafu uwanja wa shule, Jumamosi mbili, makopo ya rangi yamepangwa, kazi moja tu: bonyeza kushoto, bonyeza kulia, macho kwenye kopo linalofuata na si hili. Halafu kona za kupanda kutoka Igawilo, kwa sababu kwenye mpando ukikosea mlima wenyewe unakusimamisha. Nilimpa alama moja ya kujipimia, niliyoigundua kwenye mwili wangu mwenyewe. Mwendo ukikuzidi, mabega yanapanda kuelekea masikioni na unaacha kupumua. Mwendo ukiwa wako, viwiko vimelegea na unaweza kuongea. Kwa hiyo nilimwambia aongee, kwa sauti, ndani ya kofia: ataje anachokiona. Tope. Bodaboda. Mtoto na mbuzi. Akinyamaza, apunguze. Wapo wakongwe wa kijiweni waliosema namfundisha uoga, kwamba pikipiki ikienda polepole inayumba. Wana ukweli kidogo: chini ya mwendo wa mtu anayekimbia, pikipiki inayumba kweli. Lakini 35 haiyumbi, na 40 haiyumbi.

Mwisho tukarudi kwenye kona yetu, asubuhi kavu, bila mzigo, safari hii mimi mbele mara ya kwanza, yeye mbele mara zilizofuata. Kupunguza kote kufanyike barabara ikiwa imenyooka, gia ya tatu au ya pili iwe imeshaingia, halafu ndani ya kona mkono wa mafuta usifungwe ghafla. Alipita kwa 30. Akageuza, akapita kwa 35. Kwa 38 akasema hapa ndipo anapoishia kuongea, na nikamwambia basi hiyo ndiyo yako kwa leo, usiulize yangu.

Alipopita mara ya tano lilitokea lori, likipanda kama lile la kwanza. Nilikuwa nimesimama chini, moyo ukanipanda. Pikipiki haikunyooka. Alipita upande wake, akaja akasimama karibu yangu, akavua kofia.

"La bluu," akasema. "Lina tela. Utingo amevaa sweta jekundu, anakula muwa."